Amri za Ardhi na Hesabu za Karafuu: Pemba ya Kusini Tangu 1934

Ukisimama Chokocho, kusini ya Pemba, Kisiwa Panza kiko mbele yako, ng'ambo ya mkondo uliozungukwa na mikoko. Ni shehia ya Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba: kisiwa cha chini, cha mawe na mchanga, chenye minazi na muhogo, ambacho watu wake huitegemea bahari kuliko shamba. Mikarafuu minene ya Pemba iko kwengine, kwenye vilima vya udongo mzito vya magharibi na katikati ya kisiwa kikubwa. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini makala ya amri za ardhi na takwimu za biashara ianzie hapa, isianzie Mji Mkongwe zilikoandikwa amri zenyewe.

Nimeanzia hapa kwa sababu historia hiyo imezoeleka kusimuliwa kutoka Unguja, na anayeisimulia kutoka Unguja huishia kuamini makaratasi. Kwa muda wa miaka 90 serikali za Zanzibar, ya Sultani chini ya Mwingereza na ya Mapinduzi vilevile, zimetoa amri kubwa za ardhi kwa kutegemea hesabu fulani, na hesabu zikaja kusahihishwa baadaye, amri zikiwa zimekwisha kufanya kazi yake. Na mara nyingi sahihisho lilikuja kuandika jambo ambalo wakulima, wachumaji na manahodha wa visiwa walikuwa wamekwisha kulitenda zamani. Bendera zimebadilika, mwendo huo haukubadilika sana.

Asili yake ni karafuu. Zao hilo liliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 na kushamiri wakati wa Seyyid Said, na kwa nusu karne Unguja ndiyo iliyokuwa na mashamba makubwa. Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda, miche ikajaa vilima vya Pemba, na tangu hapo kisiwa hicho ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, kwa kawaida zaidi ya robo tatu. Lakini karafuu za Pemba hazikuhesabiwa Pemba. Zilivushwa kwa majahazi, na baadaye kwa meli za serikali, hadi forodhani Unguja. Huko ndiko zilikopimwa kwa frasila (kilo 16 hivi), zikatozwa ushuru, zikaingizwa daftarini. Mwanzoni mwa karne ya 20 ushuru wenyewe ulifika robo ya thamani, na ndio uliobeba mzigo mkubwa wa matumizi ya serikali. Kile kilichoitwa mavuno ya Zanzibar, basi, kilikuwa ni kiasi kilichopita mlango mmoja.

Jambo la pili lililoyachanganya madaftari lilikuwa ni umiliki. Visiwani mti na ardhi ni mali mbili. Mtu anaweza kupanda mnazi au mkarafuu katika ardhi ya mwenziwe kwa ruhusa, mti ukawa wake na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Miti hurithiwa, huwekwa rehani, hutolewa wakfu na huuzwa bila ya udongo kutajwa. Katika visiwa vidogo kama Panza, ambako udongo mzuri ni haba na ardhi ya mawe hulimwa kwa zamu na kupumzishwa, haki ya mtu ilijulikana kwa ukoo wake na kwa miti aliyoikuta imepandwa na wazee wake. Ofisa aliyekuja kuhesabu eka aliikosa miti, na aliyekuja kuhesabu miti aliikosa ardhi.

Upungufu huo ulikuja kuwa jambo la siasa katika miaka ya 1930. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeiangusha bei ya karafuu. Mwenye shamba, Mwarabu au Mswahili, alikuwa na desturi ya kukopa kabla ya msimu ili apate kuwalipa wachumaji, na mkopeshaji mara nyingi alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi. Kwa kuwa riba ni haramu, mkopo ulivishwa nguo za mauzo. Mkulima "alimuuzia" mkopeshaji shamba kwa masharti ya bei khiyari, yaani akibaki na haki ya kulirejesha akilipa fedha, na wakati huohuo akaendelea kulikalia kama mpangaji. Kodi aliyotoa ndiyo iliyokuwa riba. Kwa macho ya mkulima shamba lilikuwa rehani. Kwa macho ya daftari la usajili lilikuwa limekwisha kuuzwa.

Sasa fikiria ofisa anayetaka kujua ni sehemu gani ya mashamba imeshapita mikononi mwa Wahindi. Akizihesabu bei khiyari zote kuwa mauzo, anapata balaa. Akizihesabu kuwa rehani, anapata madeni mengi lakini ardhi haijahama. Serikali ilileta wachunguzi mmoja baada ya mwengine. Sir Alan Pim alitoa ripoti ya fedha na siasa za Zanzibar mwaka 1932. Mwaka uliofuata Bartlett na Last wakaandika kuhusu madeni ya tabaka la wakulima, na makadirio yao yakawa ndiyo silaha ya waliotaka hatua za haraka. Mwaka 1934 zikatoka amri kadhaa kwa pamoja. Moja ilizuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kuhamishiwa kwa mtu asiye wa makundi hayo bila ya idhini ya serikali. Nyengine iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoundwa 1927, nguvu mpya katika ununuzi na usafirishaji wa zao hilo.

Hapo ndipo hesabu zenyewe zilipopelekwa mahakamani, kwa maana ya mahakama ya hoja. Wahindi wa Zanzibar, kupitia chama chao, walisema takwimu za kuhama kwa ardhi zimekuzwa. Serikali ya India ikamtuma K. P. S. Menon mwaka huohuo wa 1934 kuja kuona mwenyewe, na ripoti yake ikazipinga amri zile. Mwaka 1936 Sir Ernest Dowson, mtaalamu wa upimaji na usajili wa ardhi, akaandika kuhusu madeni ya wakulima wa Zanzibar, na anayemsoma hakosi kuona jinsi msingi wa takwimu zilizotangulia ulivyokuwa mwembamba: huwezi kujua nani anamiliki nini mahali ambapo mashamba hayajapimwa. Ripoti ya Binder kuhusu biashara ya karafuu ilitoka mwaka huohuo.

Amri hazikungoja upimaji. Mwaka 1937 Jumuiya ya Wakulima ilipewa ukiritimba wa ununuzi, na jibu likatoka ng'ambo ya bahari: Chama cha Congress nchini India kiliongoza mgomo wa kutonunua karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa zao hilo, na mgomo ukauma. Mwaka 1938 pande mbili zikaafikiana, wafanyabiashara wakarudishwa katika usafirishaji kwa masharti ya kununua kupitia Jumuiya. Mwaka huo ikatoka amri ya kulinda ardhi na kumaliza madeni, na mwaka 1939 amri mpya ya uhamishaji wa ardhi ikachukua nafasi ya ile ya 1934. Kwa maneno mengine serikali ilikula matapishi yake, ila kwa lugha ya kiungwana ya gazeti rasmi.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ndilo tukio la kwanza kubwa ambapo takwimu ya Zanzibar iliombwa ithibitishwe na watu wenye uwezo wa kuibana serikali. Wakulima wadogo wa Pemba hawakuwa na Menon wao. Aliyekuwa na mikarafuu 20 kwenye kipande cha urithi, au mvuvi wa Panza aliyevuka kwenda kuchuma kwa pishi wakati wa msimu, hakuonekana katika mjadala ule upande wowote. Madeni yaliyojadiliwa ni ya wenye hati.

Uchunguzi wa kijamii ulioongozwa na Edward Batson mwaka 1948 na 1949 ndio ulioleta picha iliyo karibu zaidi na maisha ya watu, na tangu hapo waandishi wa historia ya Zanzibar wameirejelea tofauti moja muhimu baina ya visiwa viwili. Unguja ilikuwa na mashamba makubwa, mengi ya Waarabu, na wakaazi waliolima chakula chini ya miti ya mwenye shamba bila ya haki ya kudumu. Pemba, Wapemba wenyewe walikuwa na mikarafuu yao, vipande vidogo vilivyochanganyika na vya Waarabu, na watu wa makundi hayo walikuwa wameoana kwa vizazi. Ndiyo sababu mojawapo ya siasa za Pemba kwenda njia nyengine katika chaguzi za 1961 na 1963, ambapo chama cha ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) kilipata nguvu zake kisiwani humo.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalilikuta suala la ardhi likiwa limeiva Unguja. Tarehe 8 Machi mwaka huohuo ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Amri ya 1965 ikaja kuliweka tamko hilo katika sheria na kulirudisha nyuma hadi tarehe ile ya Machi. Ikatoka pia amri ya 1964 iliyompa Rais uwezo wa kutaifisha mali isiyohamishika bila ya fidia, na amri ya 1966 ya ugawaji wa ardhi. Mwangalie mtungaji sheria anavyofanya kazi: tendo linatangulia, sheria inafuata na kulipa tendo tarehe. Kwa mwanasheria hilo ni kasoro. Rais mwenyewe, Mzee Abeid Amani Karume, hakuijali. Ahadi ilikuwa ni eka tatu kwa kila familia isiyo na ardhi, na Dole, nje kidogo ya Mji, ikawa ndiyo jina linalokumbukwa kwa kuanza kwake.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 zaidi ya vipande 20,000 vya eka tatu vilikuwa vimegawiwa, Unguja na Pemba.  Kenya ya wakati huohuo ilikuwa ikiwauzia wananchi mashamba ya walowezi kwa mikopo. Tanganyika ilikuwa inaelekea kwenye vijiji vya ujamaa. Zanzibar iligawa bure.

Lakini amri ilitungwa kwa picha ya Unguja ikatua juu ya Pemba. Eka tatu za bonde la mpunga si sawa na eka tatu za mteremko wenye mikarafuu mikongwe, na katika nchi ambayo thamani iko kwenye miti, kugawa kwa eka ni kugawa kwa kipimo cha mgeni. Mashamba yaliyotaifishwa yakakatwa. Vipande vya urithi vya Wapemba wengi vikabaki kwa wenyewe, ingawa kwa mujibu wa sheria ardhi yake sasa ilikuwa ya serikali. Maeneo ya mawe, ambayo visiwa vidogo vya kusini ni sehemu yake, hayakuwa na mashamba ya kugawa. Hapo amri ilipita juu kwa juu. Kisheria kila kitu kilibadilika, na kwa vitendo ukoo uliendelea kujua mpaka wake unaishia kwenye mnazi gani.

Kulikuwa na tatizo jengine ambalo halikuonekana siku ya kukabidhi hati. Aliyepewa eka tatu hakuruhusiwa kuziuza, kuzikodisha wala kuzikata vipande. Haki ilikuwa ya kutumia. Nia ilikuwa njema, kuzuia ardhi isirudi kwa matajiri. Ila aliyepewa alikuwa Muislamu mwenye watoto, na siku alipokufa mirathi ilidai kila mrithi apewe fungu lake kwa mujibu wa sharia. Amri ikikataza kugawa, dini ikiamrisha kugawa, familia zilifanya kile ambacho familia hufanya: ziligawana kimyakimya, mtoto mmoja akachukua mikarafuu ya juu, mwengine migomba ya bondeni, dada akapewa fedha za msimu. Baadaye wakauziana, kwa ushahidi wa wazee na kwa karatasi za mkono. Daftari la serikali likabaki na jina la marehemu.

Upande wa biashara nao ukafungwa. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lilianzishwa mwaka 1968 na kuwa mnunuzi pekee wa karafuu. Bei ya dunia ilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kuwa viwanda vya Indonesia vya sigara za kreteki, zinazochanganywa na karafuu, vilikuwa havishibi, na mkulima wa Pemba akapokea sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tofauti ilikwenda serikalini, ikajenga majumba ya Michenzani na kulipia huduma za afya na elimu bila malipo. Mtu anaweza kulitetea hilo. Ni vigumu zaidi kulitetea mbele ya Pemba ya 1971 na 1972, serikali ilipokataza uagizaji wa chakula ili watu walime mpunga wao, na kisiwa kilicholipa gharama kikalala na njaa.

Mkulima akajibu kwa mashua. Shimoni, Vanga na Mombasa ziko upande wa pili wa mkondo, na gunia la karafuu lililouzwa huko lilirudi kama fedha za Kenya, kitambaa, sukari, vipuri. Adhabu ya magendo ya karafuu ilipandishwa hadi kifo wakati wa Karume. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, kinabeba shughuli hiyo katika jina lake hadi leo. Mapwani yote ya Pemba yalitazamwa kwa jicho la shaka, na yale ya kusini, yenye mikondo, mikoko na visiwa vidogo ambako nahodha wa nje hapiti bila ya mwenyeji, zaidi.

Hapa ndipo takwimu rasmi ilipoanza kupwaya kwa namna inayopimika. Karafuu zilizopita Shimoni hazikuandikwa Zanzibar. Zilipotoka bandari ya Mombasa, hata hivyo, ziliandikwa, na kwa miaka mingi Kenya imejitokeza katika takwimu za kimataifa kama muuzaji wa karafuu nje, kwa viwango ambavyo mashamba machache ya pwani yake hayawezi kuvieleza vizuri. Wachumi wana njia ya kulinganisha pande mbili: wanachukua kile ambacho nchi inasema imeuza, wanakiweka mbele ya kile ambacho wanunuzi wanasema wamenunua. Kwa karafuu za Zanzibar tofauti ya pande hizo ni historia nzima ya mkondo wa Pemba. Serikali haikuwahi kuisahihisha kwa tangazo, na nadhani isingeweza, kwa sababu kukiri kiasi cha magendo ni kukiri kiasi cha bei ambayo mkulima hakulipwa.

Kilichokuja kuimaliza enzi ile kilitokea mbali. Indonesia ilipanda mikarafuu kwa maelfu ya hekta, na katikati ya miaka ya 1980 ikaanza kujitosheleza. Bei ya dunia ikaporomoka. Zanzibar, iliyokuwa ikisafirisha kama tani 10,000 kwa mwaka katikati ya karne, ikateremka, na katika miaka mingi ya baadaye haikufika nusu ya kiasi hicho. Mikarafuu ya umri wa babu haikupandwa upya, kwa sababu hakuna mtu anayepanda mti wa miaka 60 katika ardhi ambayo hana uhakika kama mwanawe ataruhusiwa kuirithi. Hapa amri ya ardhi na takwimu ya biashara zilikutana shambani, na sijaona ripoti ya serikali iliyozisoma mbili hizo pamoja.

Ulegezaji wa biashara wa katikati ya miaka ya 1980 ulifungua maduka. Sheria za ardhi zikafuata kwa mkururo: ya utambuzi wa haki za ardhi, ya upimaji na ya usajili baina ya 1989 na 1990, ya umiliki wa ardhi mwaka 1992, ya uhamishaji na ya Mahakama ya Ardhi mwaka 1994. Finland ilitoa msaada wa kitaalamu kupitia mradi wa ardhi na mazingira tangu 1989, na baadaye mradi wa pili, SMOLE. Sheria ya 1992 ilishikilia kwamba ardhi yote ni ya umma, ila ikatambua haki ya kutumia ardhi inayoweza kurithiwa na kuhamishwa kwa utaratibu. Mambo ambayo familia za eka tatu zilikuwa zikiyafanya kwa siri kwa miaka 20 yakapata mlango wa kisheria. Usajili wenyewe umekwenda kwa mwendo wa kobe, ukianzia zaidi maeneo ya mji na ya hoteli za Unguja, na mwaka 2015 ikaundwa Kamisheni ya Ardhi ili kuzikusanya idara zilizokuwa zimetawanyika.

Mabadiliko ya bei yalichelewa zaidi. Katika uongozi wa Dk. Ali Mohamed Shein, kuanzia 2011, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) iliamua mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na bei ya kilo ya karafuu kavu za daraja la juu ikapanda hadi kufikia Sh. 14,000. Sheria ya 2011 ililiunda upya shirika la ZSTC. Karafuu zilizokuwa zikivuka usiku zikaanza kupita mchana kwenye vituo vya ununuzi. Hilo peke yake ni ushahidi kwamba kilichokosewa kwa miaka 40 kilikuwa bei. Bunduki za doria zilikuwa tiba ya ugonjwa mwengine.

Siku hizi masahihisho ya takwimu yana adabu zake. Benki Kuu ya Tanzania katika mapitio yake ya kila mwezi ya uchumi ina sehemu ya Zanzibar, yenye kiasi na thamani ya karafuu zilizouzwa nje, na chini ya majedwali kuna alama ndogo za kumwambia msomaji kuwa tarakimu hii ni ya awali na ile imerekebishwa. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, iliyowekwa kwa sheria ya 2007, imebadilisha mwaka wa msingi wa hesabu za pato la taifa hadi 2007 na kisha 2015. Karafuu hizohizo za Pemba huonekana pia katika jedwali la Tanzania nzima, zimepangwa pamoja na kahawa, pamba, katani, chai, tumbaku na korosho, kama kwamba zimetoka shamba moja. Mtu mwenye haraka huichukua tarakimu ya kwanza, akaiandika katika hotuba au tasnifu, na marekebisho ya miezi sita baadaye hayamfikii. Kwa zao ambalo mavuno yake hupanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka, na ambalo msimu wake huanza katikati ya mwaka na kumalizika mwaka mwengine, kosa la namna hiyo laweza kugeuza mavuno mazuri kuwa mabaya.

Mwaka 2018 Bunge la Muungano lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa ni kosa kutangaza taarifa zinazopingana na takwimu rasmi. Yakapigiwa kelele ndani na nje ya nchi, na mwaka 2019 yakalegezwa. Mtu anayeijua Zanzibar ya 1934 hangeshangaa kwa lolote: hesabu ambazo hazikuhojiwa kwanza ndizo zilizozaa amri ambazo serikali ililazimika kuzibadilisha yenyewe ndani ya miaka mitano.

Turudi baharini, kwa kuwa biashara ya Kisiwa Panza iko huko. Mwani ulianza kulimwa pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, ukafika Pemba muda mfupi baadaye, na Pemba ikaja kuongoza kwa uzalishaji. Wakulima wake wengi ni wanawake, na wanalima mahali ambapo sheria ya ardhi haifiki vizuri: kati ya maji kujaa na maji kupwa, kwenye eneo ambalo hakuna hati, ila kila mtu anajua kamba za nani zinaanzia wapi. Samaki na pweza huandikwa dikoni na bwana diko, na daftari la bwana diko ndilo chanzo cha kwanza cha takwimu za uvuvi zinazokuja kuchapishwa mjini. Mnunuzi akimkuta mvuvi baharini, au mchuuzi akipita njia nyengine, kilo hizo hazipo. Ni hadithi ileile ya mlango mmoja, sasa kwa pweza.

Panza yenyewe ilijaribu jambo ambalo linastahili kuandikwa katika historia ya umiliki visiwani. Katikati ya muongo uliopita wanakijiji, wakisaidiwa na jumuiya ya Mwambao, walikuwa miongoni mwa wa kwanza Zanzibar kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaufungua kwa siku iliyopangwa. Ili kufunga mwamba ni lazima kwanza mkubaliane ni wa nani, mipaka yake iko wapi na nani atalinda. Hakuna amri ya 1964, ya 1966 wala ya 1992 iliyowafanyia kazi hiyo. Waliifanya wenyewe kwa kikao, na siku ya kufungua walipima mavuno na kuyaandika, kwa hiyo wakawa na takwimu ambayo haikuhitaji kusahihishwa na mtu wa mbali.

Na ardhi nayo inapungua. Maji ya chumvi yameingia kwenye mashamba ya kisiwa na kuua mazao, na Panza imekuwa mfano unaotajwa kila Pemba inapozungumziwa katika mambo ya mabadiliko ya tabianchi. Sheria za Zanzibar zimepanga kwa urefu namna ardhi inavyogawiwa, inavyorithiwa na inavyorudi serikalini. Mkulima ambaye kipande chake kimegeuka pwani hana fomu ya kujaza.

Hazina ya Nyaraka ya Zanzibar, Kilimani, ina kumbukumbu za wakoloni kuhusu madeni ya miaka ya 1930 zilizopangwa vizuri kuliko kumbukumbu za maisha ya eka tatu. Hati za eka tatu, karatasi za mauziano ya mikarafuu zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu au Kirumi, stakabadhi za vituo vya karafuu na madaftari ya zamani ya dikoni bado ziko majumbani, katika masanduku ya wazee, kuanzia Mtambile hadi Kengeja na visiwa vya kusini. Mchwa na chumvi havingoji. Walimu wa historia wa skuli za Mkoani wanaweza kuanza msimu huu: wawatume wanafunzi wapige picha karatasi za nyumbani kwa ruhusa ya wenyewe, na wapeleke nakala Kilimani.